Mafuta ya Kondoo kwenye Breki

Jumamosi ile Endagikot ilikuwa imetulia. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, maharage yameanikwa uani, na Bernadina alikuwa anamsuka binti yake Eva, kwa kuwa kesho yake mtoto angepokea kipaimara Dongobesh. Bibi yake mzaa mama, mama Violeth, alikuwa amefika kutoka Masakta, akawa amekaa mlangoni anakunywa chai. Ndugu zangu, nani angedhani kwamba katika nyumba yenye amani namna hii, bolti moja ingeleta kizaazaa?

Mwenye nyumba, Renatus, alikuwa mtu mwema. Hanywi, hagombani na mtu, shamba analima kwa wakati. Kasoro yake ilijulikana kwa majirani wote: kila kilichomkatalia, alikilazimisha. Kitasa cha mlango wa jikoni alikivunja hivyo. Redio haikuwa na vitufe, na geti lilifungwa kwa kamba. Bernadina alishazoea kufungua jiko lake kwa kisu, ila hakuwahi kufurahi.

Asubuhi hiyo Renatus alikuwa anabadilisha pedi za breki za mbele za pikapu yake, ambayo ingewapeleka wote Dongobesh. Zile za zamani zilikuwa zimeisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Halfani, mwuza spea wa Dongobesh, alikuwa amemwambia wazi wakati anamuuzia mpya:

"Gari lako la siku nyingi, Baba Eva. Bolti zitakuwa zimeshikwa na kutu. Tia oili, gonga taratibu, ziache kwanza, kisha rudia. Ikigoma, usibishane nayo. Nipigie."

"Halfani, mimi nimefungua plau tangu sijaota ndevu!" Renatus alijibu akicheka.

Hapo ndipo alipokosea. Sisi wakulima wa huku tunaijua nati ya plau iliyokaa udongoni msimu mzima. Unaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, unachomeka bomba kwenye spana, unaning'inia. Plau ikiteleza haiui mtu. Breki ni habari nyingine.

Gurudumu la kushoto halikumsumbua. La kulia, chuma kinachobana pedi kilikuwa na bolti mbili: ya chini ilifunguka, ya juu ikagoma. Renatus akapaka mafuta ya kondoo, akavuta. Wapi! Akapaka mengine, tena kwa ukarimu, akachomeka bomba na kulirukia kwa miguu yote miwili. Spana ikaponyoka, naye akakaa chini puu, vidole vimechubuka. Kichwa cha bolti kilikuwa kimelika kona zote, spana haina tena pa kushika.

"Baba Eva, mpigie Halfani," Bernadina alisema kutoka uani.

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa na bolti?"

Akatafuta njia ya mkato. Kwa kuwa bolti ya chini ilikuwa imetoka, alikiinua kile chuma kinachobana pedi, akachomoa pedi za zamani, akasukumia mpya, akafunga. Mafuta yalikuwa yameyeyuka kwa jua na kutiririka hadi kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, na kwenye pedi zenyewe. Aliyaona. Akayafuta kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa kimejaa mafuta.

"Tayari! Mama, karibu upande, na Eva aje. Tukajaribu hadi barabarani."

Mama Violeth akaanza kuinuka, maana mkwe akikukaribisha kwa heshima ni vigumu kumkatalia. Bernadina akamshika mkono.

"Hapandi mtu."

"Mama Eva, unaniaibisha mbele ya mama."

"Bora nikuaibishe. Jaribu peke yako."

Renatus akapanda kwa hasira, akateremka kilima kwa mbwembwe. Kwenye kona ya kwa jirani yao Gidahosh akakanyaga breki. Gurudumu la kushoto likashika, la kulia likateleza. Gari likavuta kushoto, likapasua uzio wa Gidahosh na kuzama kwenye biwi la samadi hadi taa zikapotea.

Hakuumia. Ila alibaki ndani, akitazama kiti cha pembeni ambako Eva hupenda kukaa. Nyuma ya lile biwi kulikuwa na korongo. Renatus aliliona vizuri kupitia kioo, na machozi yakamtoka.

Gidahosh akatoka ndani, akazunguka gari lote bila haraka.

"Renatus, kama ulikuwa unataka samadi, si ungesema? Ningekuletea kwa toroli."

Bernadina na wengine walikuwa wameshafika mbio; wote wakacheka, hata aliyekuwa analia. Gidahosh akawafunga ng'ombe wake kwenye gari, wakalivuta hadi nyumbani, na Renatus mwenyewe akapiga simu.

"Halfani, nimeshindwa na bolti."

"Mwenyewe mzima?"

"Mzima."

"Basi nakuja."

Alifika kwa pikipiki na pedi nyingine. Akainama, akanusa. "Hii ni breki au mchuzi?" Pedi zilizokunywa mafuta akazitupa, diski akaisafisha kwa petroli. Kisha akatia oili kwenye ile bolti ya juu, akaigonga taratibu, akanawa mikono na kuomba chai.

Ndugu msomaji, kwa Renatus kile kikombe cha chai kilikuwa kazi kubwa kuliko kulima. Kila alipoinuka kufuata spana, mama Violeth alisema, "Kaa, baba." Naye akakaa, kwani angembishia vipi mama mkwe?

Hatimaye Halfani akachukua soketi ya spana iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa cha bolti, akaigongelea hadi ikauma, akampa Renatus mpini. "Vuta wewe. Polepole."

Bolti ikalia kri, ikasimama. Mabega ya Renatus yakakaza. Kila mtu pale alijua anachotaka kufanya. Akashusha pumzi. Akairudisha kidogo, akaongeza oili, akangoja, akavuta tena. Ikatoka. Bernadina alipiga vigelegele kana kwamba kipaimara kimeshafanyika. Halfani akafunga bolti mpya.

Jumapili asubuhi Renatus alijaribu gari peke yake, kwanza mahali tambarare karibu na nyumba, kisha akateremka kilima, akifunga breki mara kwa mara, bila kuambiwa na mtu. Akarudi, akafungua mlango.

"Mama Eva, mimi nimeridhika. Ila wewe ukisema bado, tunapanda basi."

 Bernadina akamshika Eva mkono, akamketisha kwenye kiti cha mbele.

MAFUNZO

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, kushindwa na bolti si aibu. Aibu ni kuficha kwamba umeshindwa, huku watoto wako wamejipanga kupanda gari. Kilichoshikwa na kutu kinataka oili na muda, na kikizidi kugoma kinataka mtu mwingine akusaidie. Mafuta ya aina yoyote yasiguse pedi wala diski. Na ukishatengeneza breki, jaribu peke yako kwanza, mahali tambarare, pole pole. Mwenzako akisema hapandi mtu, usitazame heshima yako. Watazame wale ambao wangepanda.