Rehani ya Alute

Haya yalimpata Alute wa Mungaa, rafiki wa marehemu kaka yangu, Mungu awarehemu wote wawili. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na asiyelipa kodi ya kichwa alipelekwa kuvunja mawe barabarani. Mke wake, Anastazia, alikuwa karibu kujifungua, na Alute hakutaka kumwacha peke yake. Basi akaenda dukani kwa Zefania, aliyekopesha watu fedha kwa rehani.

"Umeleta nini leo, bwana? Jembe? Ngozi?"

"Vyote vimekwisha. Chukua roho yangu."

Zefania alicheka mpaka akashika meza. "Haya, lakini desturi yangu unaijua. Mwenye mali huiweka stoo kwa mkono wake."

Alute naye akacheka. Aliingia stoo, gizani, akapuliza pumzi yake yote juu ya rafu, akatoka. Zefania, kwa kumhurumia, akampa shilingi za kodi.

Jua likazama. Alute alikuwa nje akifunga fedha kwenye pindo la shuka lake, aliposikia Zefania akikagua stoo kama kila jioni, akigonga kila kitu kwa fimbo na kumtaja mwenyewe.

"Leonidas." Jembe likalia.

"Gaspari." Ngozi kavu ikalia.

Kisha, kwa utani, "Alute."

Fimbo haikugonga kitu. Kule gizani mtu alikohoa kama Alute akohoavyo, akaitika kwa sauti ya Alute, "Nipo, bwana. Na huyo aliyesimama nje ni nani?"