Vichupa Vilivyoganda

Kila asubuhi ya likizo ile ya Desemba, Losaline alifika zahanati kabla ya nesi. Alikaza mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la kisiwani kwao, akafagia baraza, akapanga mabenchi, kisha akaufuta mzani wa kupimia watoto wachanga. Alikuwa na miaka kumi na mitano na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, ya wiki sita. Hakulipwa hata senti, lakini aliipenda mno, kwa sababu ndoto yake ilikuwa kuwa nesi.

Nafasi yenyewe haikupatikana kwa bahati. Mwalimu Fifita alikuwa amezunguka kisiwa kizima kwa baiskeli, akibisha hodi benki, posta, kwa waoka mikate na hapo zahanati, akiwaombea wanafunzi wake kazi za likizo. Siku ya kuwaaga aliwatazama mmoja mmoja. "Sikilizeni, wanangu," alisema. "Mkiboronga, hamjiharibii nyinyi peke yenu. Mwakani nani atanifungulia mlango?"

Jumatatu saa sita mchana ndege ilileta chanjo kutoka mji mkuu. Nesi Kalolaine alikuwa ndiyo kwanza amefungua kasha la baridi, mara wanaume wawili wakaingia wamembeba mwenzao aliyejikata panga shambani. Damu ilikuwa inachuruzika hadi sakafuni.

"Lose! Vichupa hivi viingie kwenye friji ya stoo. Sasa hivi, mama, visipate joto!"

"Sawa, Nesi."

Losaline alikimbia hadi mlango wa stoo, akasimama ghafla. Ndani, juu ya ngazi, alikuwa Sosefo, akibadilisha taa huku akipiga mluzi. Sosefo naye alikuwa kwenye kazi ya likizo, kwa fundi umeme. Alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, yaani kaka yake hasa, na kwa mila yao msichana haingii kwenye chumba kidogo alimo kaka yake, wala hamwiti atoke. Hilo Losaline alilijua tangu anajifunza kutembea.

Akasubiri. Sosefo hakumwona, wala hakuwa na haraka. Jasho lilimtoka Losaline, na vichupa navyo vilianza kutoa unyevu. Joto litaviua, aliwaza. Akaenda mbio jikoni, akafungua friza la kuhifadhia samaki, akaviweka humo. Dakika tano tu, alijiambia.

Mara Nesi akamwita ashike bakuli wakati jeraha likishonwa. Halafu wakaja wagonjwa wengine. Alipokumbuka, ilikuwa saa kumi jioni.

Lahaula! Vichupa vilikuwa vigumu kama mawe, vimefunikwa barafu nyeupe. Losaline alivipasha viganjani hadi vikayeyuka, akaviingiza kwenye friji ya stoo, maana sasa stoo haikuwa na mtu. Hapo ndipo alipoliona tangazo lililobandikwa mlangoni mwa friji: CHANJO ILIYOGANDA HAIFAI TENA. ITUPWE.

Alivitazama vichupa. Vilikuwa vizuri, safi, kama vile havijaguswa. Hakuna aliyemwona, na hakuna ambaye angejua.

Nyumbani alipewa magimbi na samaki, akaisogeza sahani kando. Mama alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Akisema ukweli, atafukuzwa, na Mwalimu Fifita atafungiwa mlango. Asiposema, watoto watachomwa kitu kisichowakinga na lolote. Aliogopa huku na akaogopa kule.

Asubuhi mabenchi yalijaa akina mama. Wa kwanza kabisa alikuwa Shangazi Vika, dada mkubwa wa baba yake, mtu ambaye hata baba humsikiliza ameinamisha kichwa. Alikuja na mjukuu wake, Maka, wa miezi miwili.

"Yuko wapi nesi wetu?" Shangazi alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Leo Maka anapakatwa na Lose mwenyewe. Watu waone!"

Losaline alimpokea mtoto. Maka alikuwa wa moto na mlaini, akamshika kidole akakikaza. Nesi Kalolaine alichukua kichupa, akavuta dawa kwenye sindano, akainama. "Shikilia paja hilo vizuri, mama."

Sindano ikakaribia.

"Usimchome!"

Losaline alimvuta mtoto kifuani.

"Nesi, usimchome, nakuomba! Niliviweka kwenye friza la samaki. Jana. Viliganda, mimi nikaviyeyusha, nikanyamaza." Machozi yakamporomoka juu ya nguo za mtoto.

"Ala! Lose!" Shangazi Vika aliruka, akamnyakua mjukuu wake. "Ulitaka tumchome huyu maji matupu?"

Nesi aliiweka sindano chini. Alitoa kichupa kimoja cha mwezi uliopita, ambacho muda wake ulikuwa umekwisha, akakitikisa pamoja na kile cha jana, akavisimamisha mezani. Cha zamani, ambacho hakikuganda, kilibaki cheupe kama maziwa. Cha jana kilifanya mabonge madogo, yakazama chini yote.

"Chanjo zote zimekufa," alisema. "Akina mama, samahanini sana. Nitaomba nyingine, ndege inakuja Alhamisi. Rudini siku hiyo." Kisha akamgeukia Losaline. "Kwa nini hukuingia stoo?"

"Kaka alikuwamo," alinong'ona.

Nje ya dirisha Sosefo, aliyekuwa akivuta nyaya, alisema bila kutazama ndani, "Nesi, mwambie siku nyingine akohoe tu! Ningetoka hata kwa dirisha!"

Wanawake waliangua kicheko, hata Shangazi. Losaline peke yake hakucheka.

"Nikafunge vitu vyangu, Nesi?" aliuliza.

"Uende wapi?" Nesi Kalolaine alivuta benchi, akamketisha. "Na mimi nina kosa. Nilikutuma bila kukuambia kwamba barafu inaiua chanjo kama joto. Lakini sikiliza vizuri, maana haya hutayasikia darasani. Kila kazi ina makosa. Jana saa kumi lilikuwa kosa dogo, ungeniambia tungetupa vichupa basi. Usiku kucha ukalilea, likakua. Dakika moja zaidi, lingekuwa ndani ya mwili wa Maka, na hakuna ambaye angeweza kulitoa. Ninayemwogopa humu si anayekosea. Ni yule anayekosea akanyamaza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Nesi."

"Na Mwalimu Fifita nitamwambia yote, kosa na ulivyolisema. Mwakani aniletee wawili."

Alhamisi ndege ilitua. Shangazi Vika alifika wa kwanza tena, akamtazama Losaline kutoka juu hadi chini, wote wakasubiri aseme. Shangazi alimweka Maka mapajani mwa Losaline, akakaa kando.