Nguzo Iliyozibwa Pumzi

Ilianza na mchanga kwenye chakula cha mchana. Mume alitafuna, akasita, akatema punje kiganjani. Mkewe, mshonaji ambaye hata mama mkwe hakuthubutu kumkosoa mapishi, akamwambia akague meno yake kwanza kabla ya kuisingizia sufuria. Akatema tena. Safari hii lilitoka donge la zege, bichi, linachuruzika.

Mume alikuwa nyapara wa zege kwenye barabara ya juu, ile iliyopitishwa juu ya vichwa vya watu ili magari yasikwame chini. Ilikuwa ifunguliwe kesho yake asubuhi. Nguzo moja ilisimama hatua kumi kutoka dirisha lao la ghorofani, na tangu juzi mshonaji aliisikia ikikoroma. Alidhani ni mtambo, kumbe mitambo ilishaondolewa wiki nzima nyuma.

Alasiri hiyo mchomea vyuma aliokotwa chini ya nguzo ile, kifua kimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Wenzake walisema ameanguka. Mume alirudi jioni. Alinuka tope la chini kabisa, lisilowahi kuona jua, na alipovua shati mkewe akaona damu isiyo yake.

Machozi hayafui nguo. Mshonaji alimfuata bibi jirani, mchimba visima wa zamani ambaye pia alipunga majini, mdomo mchafu lakini mkono mwema. Bibi aliuliza swali moja tu: chini ya nguzo kulikuwa na nini? Kulikuwa na kisima. Na kila mchimba visima anajua kwamba kisima kikifukiwa huachiwa bomba la kupumulia, maana jini wake hukaa humo humo. Nyapara alilijua hilo tangu utotoni, babake alichimba visima. Mkewe aliyaona yote kutoka dirishani: bomba aliliweka. Kisha wakaguzi walipokaribia kuja, akaona tundu lile litamwaibisha, akaliziba kwa saruji, akalisawazisha likawa laini kama shavu la bibi harusi.

"Ameziba pua ya mwenye nyumba," bibi akasema. "Sasa mwenyewe anapumulia ya mumeo. Magari yakianza kupita, mjukuu wangu, ardhi itakaza, na hatoki tena."

Asubuhi walimfunga mume kitandani kwa waya wa kufungia nondo. Bibi akabaki akimsomea. Mshonaji akachukua nyundo na patasi, akashuka. Watu walishajaa barabarani wakingoja magari ya kwanza, hakuna aliyemjali mwanamke anayegonga nguzo kwa chini, naye akagonga, na kila pigo lilijibiwa na yowe kutoka dirishani kwao, sauti nzito isiyo ya mumewe, pigo na yowe, pigo na yowe, saruji ikimchuna vidole mpaka mpini ukateleza kwa damu, kisha huko juu akasikia mlio mkavu wa mfupa na hakujua ni wa nani na hakusimama, akagonga hadi patasi ikazama yote na upepo ukafumka kutoka ndani, wa baridi, unanuka tope, ukambwaga chali, ukamng'oa meno mawili, ukapita juu yake ukihema kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji.

Magari yakaanza kupita. Watu wakapiga makofi.

Alipanda ngazi akitema damu. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, shingo imenyongwa, uso unatazama mgongoni. Waya ulikuwa umekatwa vipande. Mume alikuwa ameketi mezani, amenawa, amechana nywele, amejimiminia chai.

"Ametoka, mke wangu," akasema kwa upole, kwa sauti yake ile ile. "Njoo ukae."

Mshonaji alitaka kuamini kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikaa. Macho yalikuwa ya mumewe. Kovu la kidevuni lilikuwa lake. Mume akainua kikombe, akakaza midomo, akaipuliza chai ipoe.

Mvuke ukapanda wima, haukutikisika.

Mshonaji akanyoosha mkono, akauweka chini ya pua ile, akangoja. Akangoja.

"Pumzi yako iko wapi?" akanong'ona.

"Kaondoka nayo," mume akasema, macho yameganda kwenye kinywa cha mkewe. Akaweka kikombe chini taratibu, akasogeza kiti karibu. "Nipe yako kidogo."