Moyo Mmoja Uliobaki

Ting.

Ilikuwa sauti ya sarafu, kutoka kwenye droo, saa nane usiku. Bayingana aliijua kabla hajafumbua macho. Ndivyo gemu yake ya mkononi ilivyolia kila kijitu chenye kofia nyekundu kilipookota dhahabu. Lakini gemu ilikuwa imezimwa. Betri aliitoa mwenyewe, akaiweka juu ya kabati.

"Umeanza tena," mkewe Mukunde alinong'ona gizani.

"Siyo mimi."

"Nani basi, panya?"

Gemu hiyo aliinunua mtaani Gitega, kwenye meza ya vitu vya mtumba, impoze akitoka kupakia mizigo uwanja wa ndege, Kanombe. Haikumpoza. Kijitu kinakimbia pangoni, kinaruka jiwe hadi jiwe, kinatafuta sanduku la hazina. Kikitumbukia shimoni, moyo mmoja unafutika kwenye kioo. Kila siku mchezo ulimpa mioyo tisa, na kila siku aliimaliza yote kwenye shimo la mwisho, sanduku likiwa linaonekana ng'ambo. Akibonyeza mapema, kinaanguka. Akichelewa, kinaanguka. Kidole gumba kilimvimba.

Kisha mioyo ikaacha kurudi. Ikawa inapungua hata asipocheza: usiku ting moja, asubuhi moyo mmoja hakuna, kana kwamba kuna anayeiokota. Na Mukunde, mwenye mimba ya miezi minane, akaanza kuhesabu kitu kingine.

"Leo hajacheza tumboni mpaka saa nne," alisema. Kesho yake ikawa saa saba. Kliniki walisikiliza, wakasema moyo wa mtoto unadunda, apumzike, arudi.

Bayingana alijaribu kuufuta mchezo, haukufutika. Aliipiga gemu kwa nyundo; kioo kikapasuka, kijitu kikaendelea kukimbia nyuma ya ufa. Aliitupa gemu jalalani, akaikuta asubuhi ndani ya droo, imelala kati ya nguo za mtoto zilizokunjwa, na droo nzima inanuka maziwa yaliyochacha.

Ndipo wakamwita Daphrose, jirani aliyekulia Bujumbura, mama wa kuitwa pale ambapo maombi ya kanisani yamegonga ukuta. Alikuja mchana. Alinusa, hakugusa.

"Hii kitu iko na jini," alisema polepole. "Jini haina jina. Inaiba ya watu. Mulimupa jina ya nani?"

"Jina langu," Bayingana alijibu.

"Papa, usinidanganye. Harufu hii si ya mwanaume mwenye kubeba masanduku. Ni ya kitoto."

Mukunde akamgeukia mumewe.

Miaka mitatu nyuma kifungua mimba wao alifariki akiwa na siku sita. Zilibaki mbili tu afike siku ya nane, siku ya mtoto kutolewa nje na kupewa jina mbele ya watu. Mama mkwe wa Mukunde akaamua: asiyetolewa nje hatajwi. Jina Mukunde alikwisha kulichagua. Alilinong'ona mara moja sikioni kwa mumewe, na wote wawili wakalimeza.

"Mchezo uliuliza jina la mchezaji," Bayingana alisema, macho sakafuni. "Nikaandika lake. Nilitaka kumwona akikimbia."

"Miaka mitatu nimeliuma jina hilo," Mukunde alisema, sauti chini kabisa. "Na wewe umemtumbukiza shimoni mara ngapi?"

Bayingana alificha kidole gumba kilichovimba ndani ya kiganja.

Ting.

Kioo kiliwaka bila betri, na nyuma ya ufa ulibaki moyo mmoja, na kijitu kikaanza kutembea chenyewe kuelekea shimo la mwisho, bila haraka, huku harufu ya maziwa ikijaa chumba hadi kooni, na Mukunde akashika tumbo lake kwa mikono miwili na kusubiri teke moja, hata dogo, na teke halikuja.

"Mutoe inje," Daphrose alisema. "Umuite mbele ya watu, kama siku ya nane. Jini haiwezi kukaa mu jina yenye mwenyewe iko anaitwa."

Mukunde akaichukua gemu. Hakuishika kama chuma. Aliilaza kwenye kiwiko cha kushoto, akauvuka mlango akiwa peku, akasimama uani penye jua, ambapo wapangaji wawili walikuwa wanafua na wakaacha kufua, na Bayingana akamfuata, na kwenye kioo kijitu kilikuwa kimefika ukingoni, mguu mmoja tayari hewani, kisha kikasita, kikageuza uso kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe, kama mtoto aliyesikia mama yake akivuta pumzi kabla ya kumwita.

"Shami."