Mwenzangu Anakosolewa, Mimi Naambiwa Nzuri

"Dada, huyu mtoto umemchora au umemning'iniza? Mbona shingo haina mfupa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Keki, aliyeichora hiyo shingo, alicheka mpaka akashika kiti. Na aliyesema maneno hayo ni mchumba wangu.

"Ngoja nikuonyeshe," akamwambia. Akachukua karatasi ya nailoni, ile angavu ya kufunikia madaftari, akaitandaza juu ya picha, akachora kwa kalamu nene pale shingo inapotakiwa kupita.

Ndivyo tunavyofanya kwenye kikundi chetu cha Jumamosi. Kazi ya mtu haiguswi. Ukitaka kumrekebisha mwenzako unaweka nailoni juu, unachora marekebisho hapo, naye anaenda nayo nyumbani akajifunze. Sisi si wachoraji wa kulipwa. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Mama Keki anapamba keki. Mchumba wangu anatengeneza mafriji, kila mtu anamwita Fundi, na mimi napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Tunakutana chumba cha juu ya duka la magodoro, na rangi zetu za maji na chaki zetu za pasteli, tunaonyeshana, tunakosoana, tunapanda kidogo kidogo.

Fundi akainama karibu na yule mwanamke.

"Na hili anga umelipiga bluu ya sare za shule. Lowesha karatasi kwanza. Subiri maji yanywewe kidogo, ndipo uguse rangi, uiache ikimbie yenyewe."

"Nikiigusa mapema?"

"Utapata tope. Jaribu, nipo."

Jaribu, nipo! Kisha akafika kwangu, kwenye picha yangu ya dirisha, ya rangi za maji, niliyoihangaikia wiki nzima.

"Nzuri, mpenzi."

"Basi?"

"Nzuri sana."

Akapita zake. Nailoni hakuigusa.

Nilimpigia dada yangu simu nikiwa bado kwenye ngazi.

"Dada, Fundi ana mtu."

"Eh! Umewafumania?"

"Anamkosoa."

"Anamfanya nini?"

"Anamkosoa! Shingo, anga, vivuli, kila kitu. Mimi naambiwa nzuri tu."

"Mdogo wangu, umekunywa chai leo? Wenzako waume zao wanawakosoa mpaka wanavyopumua. Wewe umepata wa kukusifia, unalia?"

"Hanisifii. Ananipita."

"Harusi ni mwezi ujao. Ukimkimbiza mtoto wa watu kwa mambo ya shingo, mimi simo."

Kesho yake Mama Keki akatuma anga jipya kwenye kundi letu la simu. Fundi akamwandikia ujumbe mrefu kama hotuba: "Sasa umeanza kuelewa. Lakini mawingu yako yana kingo kali, yanaonekana kama pamba iliyokatwa na mkasi. Lainisha kwa brashi yenye maji matupu. Usikate tamaa."

Nikatuma langu hapo hapo chini yake. Jibu likaja haraka: "Nzuri mpenzi," na moyo mwekundu.

Nilitamani niutafune ule moyo. Nilikuwa na wivu, siwafichi, wivu wa kushindwa kula. Mwanamke mwingine angeona wivu kwa kusifiwa kwa mwenzake. Mimi nilitaka nami niambiwe shingo zangu hazina mifupa. Maana mtu hawezi kuona kosa kama hajaangalia, na yule alikuwa anaangaliwa. Na mimi ndiye niliyekuwa naenda kuishi na mwanaume huyo mpaka kufa.

Nikaamua kumpima. Nikachukua pasteli, nikamchora yeye mwenyewe, amekaa, ameshika kikombe, anatabasamu. Na ule mkono wa kikombe nikaupa vidole sita. Nilivihesabu tena nisije nikakosea kukosea.

Jumamosi nikaisimamisha picha kwenye kiti, mbele ya watu wote. Fundi akaja. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono, yakabaki pale.

"Nzuri, mpenzi."

"Umeangalia vizuri?"

"Umenipatia kabisa."

Mama Keki akachungulia juu ya bega lake. "Kaka Fundi, samahani... mbona una vidole sita?"

Hakuna aliyecheka.

"Hukuviona?" nikamuuliza.

"Niliviona."

"Ukasema nimekupatia?"

Akaanza kupanga chaki zangu kwenye boksi.

"Basi siolewi. Mtu ananitazama usoni ananidanganya kuhusu mkono wake mwenyewe! Kesho nitaumwa utaniambia nimenawiri. Siolewi!"

"Wifi, taratibu..." Mama Keki akaanza.

"Wifi wa nani? Wewe umepewa macho yake. Mimi nimepewa adabu zake!"

"Ala!" Akashika kiuno. "Yaani wewe unanionea wivu mimi? Mimi ninayerudi nyumbani na rundo la nailoni zenye makosa yangu? Kila Jumamosi nasubiri niambiwe nzuri, hata moja ya bahati mbaya! Wewe unagawiwa bure, unazikanyaga. Mimi ndiye ninayekuonea wivu, mwenzangu, tena nimevumilia!"

Mwalimu akamshika Mama Keki mkono, akawaambia wengine, "Twendeni tukapunge upepo," na wote wakatoka. Tukabaki wawili na picha.

"Unaniogopa?" nikamuuliza.

"Siyo wewe." Akakaa kwenye kiti cha Mama Keki. "Unamjua mama yangu. Umewahi kumsikia akitoa maoni yake?"

"Ni mpole."

"Hakuzaliwa mpole. Baba alikuwa anamkosoa kutwa. Anavyocheka, anavyotembea, anavyofunga kitambaa. Mama akawa anapunguza. Akapunguza kucheka, akapunguza kuongea. Nilikuwa naona. Nikaapa kwamba mke wangu hatasikia kasoro yoyote kinywani mwangu."

Hasira yangu ilipungua, lakini haikuisha.

"Baba yako alikuwa anamwambia mama, jaribu, nipo?"

"Hata siku moja."

"Basi hakuwa anakosoa, alikuwa anadharau. Na wewe tofauti unaijua, maana nimekuona ukimfanyia Mama Keki. Yule amekosolewa mpaka anga lake linapendeza kuliko langu. Mama yako alinyamazishwa kwa maneno. Mimi unaninyamazisha kwa nzuri."

Akainamisha kichwa. Kisha akainuka, akavuta karatasi ya nailoni, akaitandaza juu ya picha yangu kwa mara ya kwanza.

"Vidole sivigusi. Hivyo umekosea kwa makusudi." Kalamu ikapanda mpaka usoni. "Kosa liko hapa."

"Mdomoni?"

"Hili tabasamu si langu. Mimi nikicheka kweli, mdomo unaenda upande na lile jino lililopanda linatokeza. Umenichora kama mtu aliyeitwa na bosi."

"Ndivyo unavyonichekea."

Kalamu ikasimama. Aliitazama ile picha muda mrefu, kuliko alivyowahi kuitazama picha yangu yoyote.

"Kumbe," akasema polepole. "Basi hapa hujakosea. Umeniona nilivyo mbele yako. Nisamehe."

Machozi yakanitoka. Nikayafuta kwa kiganja chenye pasteli, nadhani uso wote ukawa kahawia.

"Endelea," nikasema.

"Niendelee?"

"Kuna kingine. Nakuona."

"Mkono wako mzito. Pasteli unaikandamiza kama unasugua sufuria iliyoungua. Karatasi haipumui."

"Hii picha tu?"

"Zote."

"Zote?"

"Tangu siku ya kwanza. Hata lile dirisha la maji, umelisugua."

Iliuma! Msifikiri haikuuma. Nilitaka kumrushia boksi zima la chaki. Na humo humo kwenye maumivu nikajisikia nimekaa na mwenzangu, si na mgeni.

"Kingine," akasema, sasa mdomo umeanza kwenda upande.

"Kipi tena?"

"Ukiwa na hasira hupendezi. Watu husema wapenzi wao wakikasirika ndio wanapendeza. Wewe hapana, kwa kweli."

Nikampiga bega kwa kitambaa cha kufutia brashi. Akacheka kwa sauti, na lile jino likatokeza.

Nikamwambia akae vile vile asitikisike. Nikapiga simu.

"Dada, harusi ipo."

"Alhamdulillahi! Amekuomba msamaha?"

"Ameomba. Halafu ameniambia mkono wangu mzito, picha zangu zote nimezisugua, na nikikasirika mimi ni mbaya wa sura."

"Na wewe unalia?"

"Nalia, dada. Kwa raha."