Uchungu Aliouficha Katoo

Katoo na mkewe Seleyian walifuga ng'ombe nje kidogo ya Kitengela. Kila asubuhi Seleyian alikamua, na Katoo akapeleka maziwa mjini kwa pikipiki.

Asubuhi moja Katoo alianza kumwonyesha mkewe ng'ombe mmoja mmoja, akiwagawia watoto wao.

“Hawa wanne ni wa Koinet. Wale ni wa Resian. Huyu mwekundu ni wako.”

Seleyian aliweka ndoo chini. “Baba Koinet, mbona unagawa ng'ombe? Unaenda wapi?”

“Nakufa,” alisema Katoo, akiangalia kando.

Ndipo akasema yote. Kwa miezi mitano, uchungu mkali ulikuwa ukimshika ndani ya njia ya haja kubwa. Ulikuja ghafla, ukambana dakika chache, kisha ukapotea kabisa. Tangu atahiriwe alifunzwa asikunje uso mbele ya uchungu, na somo hilo alilishika kupita kiasi. Hata kanisani ulimshika, naye akaendelea kuimba. Aliamini ni saratani, ile iliyomuua kaka yake.

Seleyian alilia. Kisha akakasirika.

“Miezi mitano! Ng'ombe akikohoa mara moja unaita daktari. Na wewe je?”

Siku hiyo hiyo walikwenda kituo cha afya. Daktari Mutunga aliuliza bila haraka.

“Umeona damu kwa choo? Umekonda? Choo imebadilika?”

“Hapana.”

“Naomba nikupime kwa kidole. Niko na glavu. Ukisema niache, naacha.”

Katoo aliangalia mlango. Seleyian alikuwa amesimama hapo hapo. Akakubali.

Daktari hakupata bawasiri, kidonda wala jipu. Lakini kwa sababu ya habari za kaka yake, alimtuma hospitali kubwa apimwe utumbo kwa kamera. Majibu yalikuja: hakuna saratani. Katoo alishika mkono wa mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

“Ni misuli, mzee,” alisema Mutunga walipomrudia na majibu. “Inakazana yenyewe, vile mguu hukazana ukiwa umelala. Hatujui vizuri kwa nini. Inauma sana, lakini haiui.”

“Dawa ni gani?”

“Mara nyingi uchungu huisha kabla dawa ifanye kazi. Ukikushika, kalia maji ya vuguvugu, pumua polepole. Kula mboga, kunywa maji, usijikaze kwa choo. Lakini ukiona damu, ukikonda, ama uchungu ukikataa kuisha, rudi haraka.”

Uchungu bado humrudia mara moja moja. Juzi ulimshika wageni wakinywa chai.

“Mama Koinet, karai!” aliita mbele ya wote.

Seleyian alimpelekea maji chumbani huku akicheka. Baada ya muda mfupi Katoo alirudi kumalizia chai yake.

Wageni walipoondoka, alikohoa kidogo. “Yule ng'ombe mwekundu... kwa kuwa sikufa...”

“Simrudishi,” alisema Seleyian. “Huyo ulinipa ukiwa unakufa. Sasa nipe mwingine ukiwa mzima.”

Katoo alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Kisha akaenda kumchagulia ndama.