Kabla Ni Mimi, Baada Ni Nani?

"Dada, acha kusuka kwanza. Hebu tazama hapa."

"Usitikise kichwa, njia itapinda."

"Ipinde tu. Huyu si wewe?"

Nesi alinyoosha simu juu ya bega lake. Msusi akabana chanuo kwa meno, akafuta mafuta ya mikononi kwenye aproni, akaipokea. Huyu nesi alikuwa mteja wake wa siku nyingi, anafanya kazi kliniki ya ngozi, na si mtu wa kubabaika ovyo. Ukimwona ameshtuka, ujue kuna jambo.

Kwenye simu kulikuwa na sura mbili zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Kushoto mwanamke anacheka, macho yamejikunja pembeni, paji la uso lina mistari, mashavu yana mikunjo ya kicheko. Juu yake kumeandikwa KABLA kwa herufi nyekundu. Kulia mwanamke yuleyule, kicheko kilekile, ila uso laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. BAADA. Na chini yake: "Wiki mbili tu! Seramu ya bei nafuu. Makunyanzi kwaheri. Nitumie ujumbe mpenzi, mzigo ni mdogo."

"Ni mimi," msusi akasema.

"Zote mbili?"

"Huyu wa kushoto ni mimi. Huyo mwingine simjui."

"Basi wagonjwa wangu wanamjua. Kila mara naletewa hili tangazo, nesi eti hii kitu inafanya kazi kweli? Leo ndiyo nimelitazama vizuri, nikajiambia, mbona huyu mama ananisuka mimi?"

Msusi alikuwa anasoma jina la ukurasa. Ukurasa ulikuwa wa wifi yake. Tuseme wifi mtarajiwa, maana harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Na bwana harusi, mdogo wake huyohuyo wifi, alikuwa mpiga picha ambaye mtaa mzima ulimwita Flashi.

Haya, jumlisha mwenyewe. Msusi alijumlisha, akavuta kiti kingine cha wateja, akakaa.

"Nikuulize kitu," akasema. "Hizi seramu za bei ya chini, zinafanya kazi?"

"Unataka ukweli au unataka kubembelezwa?"

"Ukweli. Ninayo nyumbani. Najipaka asubuhi na jioni."

Wifi ndiye aliyemletea, imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. "Jipake, wifi yangu. Mdogo wangu bado kijana," alimwambia huku anacheka. Na kweli Flashi alikuwa mdogo kwa msusi kwa miaka minane. Yeye wifi na msusi ndio walikuwa rika moja. Msusi alicheka naye siku ile, kisha akaenda nyumbani akajifungia chumbani na kile kichupa. Neno lilikuwa limeingia.

Nesi akageuka mzima mzima, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona jini.

"Sikiliza. Bei siyo shida. Zipo za bei ndogo zenye dawa nzuri ndani, na zipo za bei ya kutisha ambazo ni maji na marashi tu. Ukipata yenye dawa inayoitwa retinoli, ukavumilia miezi, mistari midogo inapungua kidogo. Ila hiyo mjamzito asiiguse. Nyingine zinashika maji, ngozi inajaa, inakuwa laini, ukiacha kupaka inarudi ilivyokuwa. Na kama hujikingi na jua, unajichosha bure. Ndiyo habari yote."

"Na hii ya wiki mbili uso unakuwa sahani?"

"Hiyo si seramu, dada. Hiyo ni kompyuta."

"Hiyo ni Flashi," msusi akasema, akasimama. "Geuka nimalizie kichwa chako."

Kazi ni kazi. Alimsuka mpaka mwisho, akachoma ncha, akapokea hela yake, akamsindikiza mlangoni. Ndipo akaandika ujumbe:

"Njoo saluni. Uje na kompyuta yako."

Jibu likaja hapohapo: "Kadi za harusi? Nimeshazirekebisha mama, utazipenda!"

"Njoo tu."

Flashi aliingia saa za alasiri, begi begani, uso umejaa tabasamu. Akakuta saluni haina mtu, draya zimezimwa, na simu ya msusi imesimamishwa kwenye kioo, tangazo limefunguka. Tabasamu likamwisha.

"Nani kakuonyesha?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Hapana. Mpenzi, nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Akashusha begi, akaliweka sakafuni.

"Picha hii nilikuomba unitolee nakala niitundike ukutani," msusi akasema. "Ulinipiga sebuleni kwa mama yangu, siku mjomba alipokaa juu ya keki. Sijawahi kucheka vile. Ukaniambia imeharibika."

"Nilikudanganya."

"Ukanishika kidevu ukasema mpenzi unang'aa, mistari inaondoka."

"Lakini ulikuwa unang'aa kwe..."

"Flashi!"

"Haya. Na hilo nalo nilikudanganya. Dada aliniambia nikutie moyo."

"Kwa nini mimi? Humo kwenye kompyuta una wanawake wa mji mzima."

"Wale ni wateja. Ningeweka sura ya mteja, angenishtaki."

"Na mimi nisingekushtaki, kwa sababu nakupenda."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya kusuka. Flashi angeona nafuu kama angetukanwa.

"Fungua kompyuta. Nionyeshe ulivyofuta."

"Ya nini sasa kujiumiza?"

"Nimesema fungua."

Akafungua. Picha ikajaa kwenye kioo cha kompyuta, ile ya kweli, na msusi akajiona anacheka mpaka jino la nyuma.

"Ulianza wapi?"

"Hapa." Akaonyesha pembe za macho. "Kisha paji la uso. Kisha shingo."

"Na hapa?" Akagusa mkunjo wa shavu lake mwenyewe, ule unaoshuka mpaka karibu na mdomo.

"Huo niliuacha. Nilipojaribu kuufuta nikaona si wewe tena, nikaurudisha. Nikamtumia dada hivyohivyo. Akasema huo ndio unaoharibu tangazo, ufutwe."

"Ukafanyaje?"

"Nikaufuta."

"Uliona kabisa si mimi, ukaufuta."

"Nisamehe."

"Unajua mimi nilikuwa nafanya nini muda huo? Nilikuwa nasimama mbele ya kioo na kile kichupa. Natafuta huo mng'ao uliousema, siuoni. Nikajua basi, nimeshazeeka mpaka dawa imenishindwa. Nikawa naogopa Jumamosi ya harusi, naogopa watu watasema umeoa mama yako. Nimelia, Flashi. Nimelia kwa sababu ya uongo wako."

Machozi yakamtoka Flashi, akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Naongea na dada leo leo," akasema. "Tutaliondoa. Ila tusubiri harusi ipite, tulitoe kimyakimya. Hakuna atakayejua."

"Mimi ninajua. Na hao wanaonunua kwa sura yangu je? Huko waliko wamesimama mbele ya vioo vyao wanatafuta kama mimi."

"Unataka nini?"

"Simama mbele ya watu useme ile picha ni kazi ya mikono yako. Palepale ilipowekwa."

"Mama wee! Dada ataniua. Unajua ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye ndiye aliacha shule ili mimi nisome. Kamera ya kwanza alininunulia yeye. Ile biashara ndiyo anayoishi nayo."

"Sijakwambia umchukie. Mimi mwenyewe nampenda yule mwanamke, ana roho nzuri na mdomo mbaya. Lakini mwanamume asiyeweza kumwambia dada yake hapana, akiambiwa kesho anifute mimi mwenyewe, atanifuta. Usiposema, Jumamosi hakuna harusi."

Akavua pete, akaiweka juu ya kompyuta. Flashi aliiangalia muda mrefu, kisha akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Siku zilizofuata simu ya msusi ilipata moto, ila si kwa Flashi. Flashi alikuwa kimya kabisa. Aliyepiga ni wifi.

"Wifi, nasikia umevua pete kwa sababu ya picha? Picha tu? Kila mtu anaediti siku hizi! Hata chapati kwenye matangazo zinaeditiwa!"

"Chapati haina moyo, wifi."

"Jina lako sijaweka. Nani atakujua?"

"Mteja wangu kanijua akiwa kwenye kiti changu."

"Sasa unataka nife njaa? Unataka mdogo wangu anisimamishe uchi mbele ya watu?"

"Nataka aseme kweli. Kama hiyo kweli inakuvua nguo, wifi, mimi sikukuvalisha."

Simu ikakatwa. Msusi akarudi kwenye kazi yake. Alimpenda Flashi, tusidanganyane. Alimkumbuka kila akisikia pikipiki inapunguza mwendo nje. Usiku wa kwanza aliandika "umekula?" akafuta. Wa pili akaandika tena, akafuta tena. Kichupa alikisukuma nyuma ya kabati, kisha akakitoa, maana ngozi ilikuwa inakauka na yeye si mjinga wa kujikomesha mwenyewe.

Alhamisi ya wiki ya harusi, saluni imejaa, mama mmoja aliyekaa chini ya draya akapiga yowe.

"Jamani! Huyu si Flashi wetu?"

Wote wakamzunguka. Flashi alikuwa kwenye ukurasa wa dada yake, ambao siku zote yeye ndiye aliyempakilia picha, amekaa studio, hajanyoa ndevu, kompyuta iko pembeni yake.

"Habari zenu," alisema kwenye video. "Hizi picha mbili ni picha moja. Nilibonyeza mara moja tu. Huyu wa pili nilimtengeneza mimi kwa kompyuta hii. Tazameni." Akaonyesha, mistari ikafutika mmoja baada ya mwingine, kisha akairudisha yote. "Hakuna seramu inayofanya hivi. Huyu mwanamke ni mchumba wangu, na sikumuomba ruhusa. Kama ulinunua kwa ajili ya picha hii, usimlaumu dada, niliyekudanganya ni mimi. Dada, nisamehe. Nilikuambia jana kwamba nitasema, ukakataa, na mimi leo nimesema."

Komenti zilimiminika. Wengine walimtukana, wengine walidai hela zao, mmoja akaandika: "Kaka, na mimi nifutie kitambi." Saluni ikaangua kicheko. Msusi peke yake hakucheka. Alirudia kutazama, akasimamisha pale Flashi aliposema "ukakataa, na mimi leo nimesema", akamtazama usoni.

Hazikupita dakika nyingi, Flashi mwenyewe akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Eeh, karibu mfuta watu!" mama wa draya akadakia.

Flashi akamtazama msusi. "Nimesema."

"Nimeona. Kaa. Namaliza kichwa hiki."

Akakaa kwenye benchi katikati ya wanawake. Walimchamba, hakuna mfano. Huyu anamwomba amfutie mume, yule anamuuliza kama ile kompyuta inaweza kumrudisha kidato cha pili. Flashi aliinamisha kichwa, anakubali yote, anakunja na kukunjua kofia yake. Kila msusi alipoinua macho aliinua na yeye, lakini msusi aliendelea kusuka.

Simu ya msusi ikaita. Wifi. Mikono ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, akabonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka kubwa saluni nzima.

"Umefurahi sasa?" Wifi alikuwa analia. "Watu wanataka hela zao! Nimeonekana tapeli!"

"Warudishie wanaodai, wifi. Mzigo si bado unao?"

"Nitamuuzia nani tena?"

"Mimi."

Mama wa draya akatoa kichwa nje ya draya asikie vizuri.

"Wifi, kile kichupa nimekitumia. Ngozi imekuwa laini, hilo sikunyimi. Makunyanzi yapo palepale, hata moja halijahama. Andika hivyohivyo. Inalainisha ngozi, uzee haifuti. Na weka picha yangu. Moja tu, ya kushoto. Lile neno Kabla ulitoe. Safari hii nimekubali mwenyewe."

"Nani atanunua kwa tangazo kama hilo?"

"Mimi naitaka!" mama wa draya akapaza sauti. "Miguu yangu imekauka!"

"Ni ya usoni hiyo, mama," Flashi akasema polepole.

"Uso nao umekauka! Nyamaza wewe!"

Upande wa pili wifi alipenga kamasi, na ndani ya kilio kikapenya kicheko kidogo.

"Wifi," akasema, "kwani bado mimi ni wifi yako?"

Msusi hakumtazama Flashi. Alichota mafuta mengine kwenye kopo, akayasugua viganjani, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Hayo ya vichupa tutaongea wiki ijayo," akasema. "Sasa hivi nina kazi nyingi. Jumamosi naolewa."

Kofia ikamdondoka Flashi mkononi.